Mwongozo Kamili wa Kutembelea Matuta ya Mawe ya Wainka katika Bonde Takatifu la Peru

Wasomaji wengi waliofika Cusco wamerudi na malalamiko yanayofanana. Siku ya kwanza kichwa kiliwauma wakashindwa kupanda. Tiketi waliyonunua iliisha muda kabla hawajamaliza mzunguko. Na Moray, eneo la matuta ya mviringo, ambayo ndiyo iliyowavuta hadi huko, waliitazama kwa dakika chache kutoka ukingoni, wakapiga picha, kisha wakaitwa warudi kwenye basi bila kuelewa walichokuwa wakikiangalia. Matatizo hayo matatu yana chanzo kimoja, nacho ni mpangilio wa safari. Ziara nyingi hupangwa kwa kufuata urahisi wa basi, ilhali matuta haya humfaa zaidi mgeni anayeanzia chini, akapanda kidogo kidogo, na kila afikapo akatafuta kwanza maji yalikopita.

Mwongozo huu unahusu bonde la mto Urubamba, linaloitwa Bonde Takatifu, pamoja na Tipón iliyo kusini-mashariki mwa mji wa Cusco. Historia ya Wainka, watu wa kale wa Peru waliojenga matuta haya, imeachwa kando, kwa kuwa imeandikwa kwingi. Hapa pana hatua za kufuata, sababu zake, na namna ya kutambua kwamba umefanikiwa.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuondoka

- Pasipoti halisi, kwa kuwa itadaiwa kwenye treni na kwenye lango la Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka. Uliza ubalozi wa Peru mapema kuhusu viza yako, na usisahau nchi utakayobadilishia ndege: anayepitia Marekani kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania huhitaji viza ya nchi hiyo hata kama hatoki nje ya uwanja. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
- Fedha taslimu za Peru, yaani soli, katika noti ndogo. Malango mengi, magari ya abiria na wauzaji wa vijijini hawapendi noti kubwa, na wengine hawana mashine ya kadi.
- Viatu vya kufunga vyenye soli ngumu iliyochongoka. Vidato vya mawe vimesuguliwa na miguu ya watu kwa karne nyingi, navyo huteleza hata vikiwa vikavu.
- Nguo za kuvaliana: fulana, sweta na koti la kuzuia upepo na mvua. Mwezi Juni na Julai jua la mchana huchoma, ilhali usiku baridi hukaribia nyuzi sifuri.
- Kofia pana, miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi. Hewa ya juu ni nyembamba na jua lake hubabua hata ngozi nyeusi.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa kila mtu. Maji ya bomba hayafai kunywewa bila kuchemshwa.
- Uzi wa mita moja uliofungwa kijiwe au nati mwishoni, yaani timazi kama ya fundi mwashi. Kazi yake utaiona katika hatua ya nne.
- Daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwa kuangalia mvua

Msimu wa kiangazi huanza Mei na kufika Septemba. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Machi, na huwa nzito zaidi Januari na Februari. Katika miezi hiyo miwili maporomoko hufunga barabara na reli, na mawe ya njia huwa hatari. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mvua kubwa zilikata reli ya kwenda Machu Picchu na kubomoa sehemu ya matuta ya Moray yenyewe, ambayo ilibidi ijengwe upya.

Ushauri wangu ni mwisho wa Aprili hadi Mei yote. Wakati huo mvua zimekwisha lakini majani bado ni mabichi, hivyo kila tuta huonekana wazi kama mstari wa kijani juu ya ukuta wa kijivu. Ukienda Agosti utakuta njia kavu na anga safi, ila mlima mzima utakuwa wa rangi ya nyasi zilizokauka. Epuka siku zinazozunguka tarehe 24 Juni ikiwa hukusudii kuhudhuria sherehe ya Inti Raymi, kwa sababu vyumba vya Cusco hujaa na bei hupanda.

Hatua ya 2: Teremka bondeni siku ileile unayotua

Hii ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu safari nyingi.

Uwanja wa ndege wa Cusco uko takribani mita 3,300 juu ya usawa wa bahari. Wanaoujua Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu watakumbuka kwamba kibanda cha Mandara kiko mita 2,720 na Horombo mita 3,720, na kwamba mpandaji huchukua siku mbili kwa miguu kufika Horombo, tena kwa mwendo wa pole pole. Ndege ya kutoka Lima, mji ulio kando ya bahari, hukufikisha kati ya vibanda hivyo viwili kwa muda unaozidi saa moja kidogo. Mwili haujapata nafasi ya kuzoea.

Kwa hiyo usilale Cusco. Toka uwanjani, panda gari, teremka hadi Urubamba au Ollantaytambo, ambako mwinuko ni kati ya mita 2,800 na 2,900. Safari huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Mchovu wa ndege na achukue teksi, akikubaliana bei kabla ya kupakia mizigo. Mwenye nguvu anaweza kwenda mtaa wa Pavitos mjini Cusco, ambako magari madogo ya abiria yaitwayo colectivo husubiri kujaa kisha huondoka, kwa utaratibu usiomshangaza yeyote aliyezoea matatu au daladala.

Lala bondeni usiku mbili kabla ya kupanda kokote. Kunywa maji, kula chakula chepesi, na acha pombe. Hotelini utakaribishwa chai ya majani ya koka, ambayo ni halali nchini Peru na wenyeji huinywa kila siku. Hata hivyo, ikiwa kazini kwako hupimwa dawa za kulevya, iache, kwa sababu inaweza kuonekana kwenye kipimo. Dawa ya asetazolamidi, inayotumika dhidi ya maradhi ya mwinuko, husaidia watu wengi, lakini iandikiwe na daktari kabla hujasafiri, hasa ikiwa una mzio wa dawa za salfa au una mimba.

Tahadhari: kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula na kulala vibaya ni dalili za kawaida, na hupungua kwa kupumzika. Kuyumba unapotembea, kuchanganyikiwa, au kuhema sana ukiwa umeketi ni dalili za hatari. Mtu wa namna hiyo ateremshwe mara moja na kupelekwa hospitali, hata kama ni usiku wa manane, wala asiachwe alale kwa matumaini ya kuamka mzima.

Utajua umefaulu ikiwa asubuhi ya pili umeamka na njaa, na unaweza kupanda ngazi za nyumba huku ukizungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi.

Hatua ya 3: Nunua tiketi inayolingana na mwendo wako

Maeneo karibu yote ya mwongozo huu huingiwa kwa tiketi ya pamoja iitwayo Boleto Turístico. Iko ya aina mbili kuu. Tiketi kamili hufungua maeneo 16 na hudumu siku 10. Kwa miaka mingi mgeni ameilipia soli 130. Tiketi ya sehemu, ile ya Bonde Takatifu, hufungua Ollantaytambo, Pisac, Moray na Chinchero kwa siku 2 tu, na bei yake imekuwa soli 70. Thibitisha bei siku unayonunua. Kila eneo huingiwa mara moja tu kwa tiketi moja.

Nunua tiketi kamili. Sababu ya kwanza ni kwamba siku 2 zinakulazimisha kukimbia maeneo manne yaliyo mbalimbali katika mwinuko unaochosha. Sababu ya pili, ambayo kwangu ni nzito zaidi, ni kwamba tiketi ya sehemu ya Bonde Takatifu haina Tipón, na Tipón ndipo maji ya Wainka yanapotiririka hadi leo mbele ya macho yako.

Machu Picchu haimo katika tiketi yoyote kati ya hizo. Mabwawa ya chumvi ya Maras, ambayo madereva huyaunganisha na Moray, nayo hayamo. Lango lake hulipiwa peke yake.

Hatua ya 4: Ollantaytambo, jifunze kusoma tuta moja

Fika lango linapofunguliwa, saa moja asubuhi, kabla ya mabasi ya Cusco. Mbele yako kutakuwa na matuta makubwa yanayopanda hadi kwenye mawe sita makubwa ya hekalu lisilokamilika. Wageni wengi huyapita wakikimbilia juu. Wewe simama kwenye matuta ya chini, chagua ukuta mmoja, na ukague mambo yafuatayo kwa utaratibu.

Anza na mwegemeo wa ukuta. Simama kando yake, shika uzi wako mbele ya macho bila kugusa mawe, na acha kijiwe kitulie. Utaona kwamba ukuta haufuati uzi: sehemu ya juu imeegemea mlimani. Mwegemeo huo ndio unaozuia udongo uliolowa mvua usiusukume ukuta nje.

Kisha fikiria kilicho nyuma yake. Wakulima wa Machakos wanaochimba fanya juu hurusha udongo upande wa juu wa mtaro, na tuta hujisawazisha lenyewe mvua zinaposhusha udongo mwaka hadi mwaka. Wainka walifanya kinyume. Walijenga ukuta kwanza, wakajaza nyuma yake kwa tabaka: mawe makubwa chini, kokoto na mchanga katikati, udongo wa kulimia juu. Mvua ikinyesha, maji huzama, hupita kwenye kokoto na kutoka taratibu, badala ya kutuama na kubomoa.

Tafuta vidato. Katika kuta nyingi utaona mawe marefu matatu au manne yaliyochomoza kwa mshazari, kila moja juu ya jingine. Hizo ndizo ngazi za mkulima, zilizotengenezwa hivyo ili zisile hata kipande cha ardhi ya kulima. Usizipande. Uzito wa wageni hulegeza jiwe lililoshikiliwa na ukuta peke yake, na ukuta ukishalegea mahali pamoja mvua humalizia kazi.

Mwisho, tafuta mfereji. Angalia mahali mkondo mwembamba wa mawe unaposhuka kutoka tuta la juu hadi la chini, na ufuate kwa macho hadi ujue maji yalitoka wapi na yalikuwa yakienda wapi. Ukitoka nje ya lango, pita katika vichochoro vya mji wa zamani, ambako maji bado yanakimbia katika mifereji ya mawe kando ya njia.

Utajua umefaulu ikiwa unaweza kumwonyesha mwenzako kwa kidole mambo manne bila kusoma popote: mwegemeo, nafasi ya kokoto, vidato, na njia ya maji. Usiondoke Ollantaytambo kabla ya hapo, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinategemea hatua hii.

Hatua ya 5: Machu Picchu, ikiwa umo katika mpango

Treni huondokea Ollantaytambo, na Machu Picchu iko chini zaidi, kama mita 2,430, kwa hiyo siku inayofuata ni wakati mzuri kwa mwili wako. Tiketi huuzwa kwa mzunguko maalumu na kwa saa maalumu ya kuingia, na katika miezi ya kiangazi huisha mapema sana. Inunue kabla hujanunua ya treni. Saa za Peru huandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 07:00 ni saa moja asubuhi, na wapo waliokosa treni kwa kuisoma kama saa saba mchana.

Mbali na ile picha maarufu, angalia matuta membamba yanayoning'inia juu ya miteremko mikali. Mhandisi Kenneth Wright wa Marekani na wenzake, waliochunguza mifereji na misingi ya mji huo, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi ya ujenzi imezikwa ardhini, katika misingi na tabaka za kupitisha maji. Mengi ya matuta hayo yanaushikilia mlima usiporomoke, mbali na kulisha watu.

Hatua ya 6: Pisac, panda kwa gari na ushuke kwa miguu

Kosa la kawaida hapa ni kuingia lango la juu, kuzunguka kidogo, na kurudi kwenye gari lililokuleta. Kodi teksi kutoka mji wa Pisac hadi lango la juu, ilipe na uiache iende. Kisha tembea kwa kuteremka, ukipitia Qanchis Racay, njia ya ubavuni yenye kijishimo cha kupenya mwambani, na majengo ya Intihuatana, hadi mjini. Tenga saa tatu, ukijumlisha muda wa kusimama.

Sababu ya kuteremka ni mbili: pumzi yako inabaki, na unayaona matuta kutoka juu, yakijipinda pamoja na umbo la mlima bila kulikata. Kila mkunjo wa mlima una mkunjo wake wa ukuta. Mwambani, ng'ambo ya bonde dogo, utaona matundu mengi. Hayo ni makaburi ya kale, na hayaendewi.

Tahadhari: baadhi ya vidato havina kizuizi upande wa bondeni. Anayeogopa kimo, au aliye na watoto wadogo, atumie lango la juu na kurudi palepale. Mvua ikianza, simama mahali panapofaa usubiri ipungue, kwa kuwa mteremko huu ukilowa humwangusha hata mzoefu. Baada ya saa nane mchana mwanga huwa wa pembeni na kuta hutoa vivuli virefu, ambavyo hupendeza sana katika picha, lakini hakikisha umefika chini kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa maana giza huingia haraka.

Hatua ya 7: Moray, zunguka ukingo wote

Hakuna gari la abiria linalofika Moray moja kwa moja. Kutoka Urubamba panda gari linalokwenda Cusco kupitia Chinchero, shuka kwenye njia panda ya Maras, na hapo kodi teksi ya kwenda, kusubiri na kurudi. Kubaliana na dereva muda wa kusubiri usiopungua saa moja na nusu, kwa sababu bila makubaliano hayo ataanza kukuharakisha na utarudi kwenye tatizo lilelile la wenye mabasi.

Eneo lenyewe liko karibu mita 3,500. Ni mabonde ya mviringo yaliyozungushiwa matuta, na lililo kubwa lina kina cha takribani mita 30. Kushuka hadi kwenye duara hairuhusiwi, na marufuku hayo yanastahili kuheshimiwa na kila mtu aliyesoma habari za mwaka 2010. Njia ya wageni inapita ukingoni.

Usisimame pale wanaposimama wote. Tembea hadi upande wa pili na ulinganishe. Cusco iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya mwaka jua hupita upande wa kaskazini wa anga. Kuta zinazotazama kaskazini hupata jua kwa muda mrefu, na zile zinazotazama kusini hubaki kivulini. Ongeza kina, upepo na unyevu, nawe utaelewa kwa nini joto la udongo hutofautiana kati ya tuta na tuta. Mwanaanthropolojia John Earls ni miongoni mwa waliopima tofauti hizo. Waongozaji watakuambia kwa uhakika kwamba hapa palikuwa kituo cha majaribio ya mazao. Hiyo ni nadharia yenye mashiko, lakini haijathibitishwa. Iandike daftarini kama nadharia.

Utajua umefaulu ikiwa umechora duara moja, umeweka alama upande wa jua na upande wa kivuli, na umeona mistari ya vidato inayoshuka kutoka duara hadi duara.

Hatua ya 8: Chinchero kwa ufupi, Tipón kwa utulivu

Chinchero iko takribani mita 3,760, juu kuliko Horombo, na ndiyo sababu imewekwa karibu na mwisho. Nyuma ya kanisa kuna matuta mapana yenye kuta zilizochongwa kwa ustadi. Saa moja inatosha. Ukifika Jumapili utakuta soko kubwa.

Tipón iachie nusu siku nzima. Kutoka Cusco panda basi linaloelekea Urcos, shuka kwenye njia panda ya Tipón, na chukua teksi hadi langoni, kwa kuwa barabara ya kupanda ni kali. Anzia juu, kwenye chemchemi, na ushuke pamoja na maji. Mahali pamoja utakuta maji yakianguka ukutani kwa michirizi minne iliyo sambamba, kisha yakiingia katika mfereji na kugawanywa kwa matuta. Inama utazame mdomo wa mchirizi mmoja: jiwe limechongwa ili maji yaruke mbele kidogo, yasitambae ukutani na kuulowesha. Penginepo maji hushuka wima katika mkondo uliochongwa kwenye uso wa ukuta, kutoka tuta hadi tuta, wala hayamwagiki pembeni.

Keti hapo kwa muda. Fuata mkondo mmoja tu kutoka chemchemi hadi tuta la mwisho, ukiandika kila mahali unapogawanyika au kubadili mwendo. Usizibe mfereji kwa mguu wala kwa jiwe ili kupata picha, kwa sababu chini ya eneo hilo wapo wakulima ambao maji hayo ni riziki yao.

Mambo ya kuzingatia kila mahali

Usitembee juu ya ukingo wa ukuta na usiokote jiwe wala kigae. Ndege za picha zisizo na rubani haziruhusiwi bila kibali. Matuta mengi ya bondeni bado yanalimwa mahindi, viazi na kinoa na familia za Wakechua. Usikatize shambani, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Salamu ya Kihispania, *buenos días*, hufungua mazungumzo, na jina la mama au baba aliyekuzidi umri hutanguliwa na *mamá* au *papá* vijijini, jambo ambalo halitamwia gumu mtu aliyelelewa kwa shikamoo.

Kabla ya kwenda uwanjani, kagua mifuko yote ya koti na begi na utoe majani ya koka, vifuko vya chai yake na pipi zake. Nchini Peru koka ni halali. Nchini Kenya, Tanzania na katika nchi nyingi za kupitia ni dawa ya kulevya kisheria, na ofisa wa forodha hatauliza ulipewa na nani.